Mnajenga au mnatengeneza? Siku tatu chini ya paa la Mtongwe

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini hawakutwambia la kufanya iwapo mwenye ufa hana nguvu za kuuziba, wala hana ruhusa ya kuujenga huo ukuta. Jambo hilo nililikuta ng'ambo ya Likoni, na ndilo nitakalo kumsimulia msomaji leo, pamoja na habari za watu niliokutana nao huko, watu ambao ukikaa nao siku moja hutamani kukaa nao ya pili.

Kila mwaka mwezi wa Shaabani unapoingia, vijana wa msikiti mmoja hapa kisiwani Mombasa huchangishana fedha kidogo kidogo. Wengi wetu tunapofikiria sadaka ya kukaribisha Ramadhani hufikiria tende, mchele na sukari. Vijana hawa hufikiria misumari. Chama chao hakina jina, hakina afisi wala mwenyekiti. Kazi yake ni kutafuta nyumba moja ya mjane, ya yatima au ya mzee asiyejiweza, ikiwa upande wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe, na kuitengeneza kabla mfungo haujaingia na masika hayajaanza kunyesha.

Mwaka 2025 Shaabani ilisadifu mwezi wa Februari, jua la kaskazi lingali kali, na nyumba iliyochaguliwa ilikuwa Mtongwe. Nami, ijapokuwa kazi niliyoizoea ni ya kalamu, nilijitolea kubeba udongo.

NYUMBA ILIYOCHOKA

Tulivuka mapema kwa feri, njia ambayo imekuwa ikivusha watu baina ya kisiwa na Likoni tangu mwaka 1937, tukapanda matatu hadi Mtongwe, kisha tukaingia vichochoroni kwa miguu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwa nyuma wenye jiko na choo. Kuta zilikuwa za fito na udongo uliotomewa kwa vijiwe vya matumbawe. Paa lilikuwa la makuti, nalo lilikuwa limelegea mahali pawili mfano wa mgongo wa punda mzee.

Mwenyewe tulimkuta barazani akisuka ukili. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, na nyumba hiyo waliijenga yeye na marehemu mumewe mwaka 1974. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila ya kuinua uso, kisha akatuuliza ni nani aliyetutuma. Kiongozi wetu akamweleza kwa adabu kwamba tumesikia yeye ni mtu wa kusaidiwa.

"Mimi si wa kusaidiwa," bibi akajibu. "Mimi nala, nalala, na nasali sala zangu tano. Nyumba ndiyo iliyochoka. Isaidieni hiyo."

Basi shauri likawa limekwisha. Kuanzia hapo kila mmoja wetu alielewa kwamba hatukuja kumhurumia mtu bali kumtumikia. Na bibi alikuwa na sharti moja: hakuna kijana atakayeleta chakula chake kwenye uwa wake. Mpishi ni yeye. Kwa siku zote tatu tulikula mahamri na mbaazi asubuhi, na wali wa nazi kwa samaki mchana, na aliyekataa kuongezewa alionekana kuwa mgonjwa.

FUNDI WA PUA

Hapana kazi ya makuti bila fundi wa makuti, na fundi wetu aliletwa akiwa amekaa nyuma ya pikipiki, kofia ya vito kichwani, bakora mkononi. Umri wake ni miaka themanini na ushei. Ujanani alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, na siku zake za mapumziko alizitumia kuezeka. Alidai kwamba toka Mtongwe hadi Shika Adabu hapana mtaa ambao hajapata kukaa juu ya paa lake.

Hakulitazama paa. Aliingia ukumbini, akasimama kimya, akavuta pumzi kwa nguvu mara mbili tatu.

"Makuti hayaangaliwi kwa mato pekee," alisema kwa Kimvita chake. "Yanukizwe. Hini nyumba yanuka uvundo. Bibi, tangu lini huwashi kuni?"

Bibi akacheka, akasema wajukuu zake walimnunulia jiko la gesi miaka mitatu iliyopita ili moshi usimwumize kifua. Fundi akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba moshi wa jikoni ndio dawa ya makuti: huyakausha na kufukuza wadudu. Paa lililokuwa likivutishwa moshi kila siku huishi kuliko lile la nyumba safi isiyo na moshi. Hivyo ndivyo mambo yalivyo duniani, kifua cha bibi kilipopona, paa likaugua.

Kisha akatukalisha chini kama watoto wa chuoni na kutuuliza majina ya miti ya paa. Kati yetu alikuwamo kijana anayesomea uhandisi chuo kikuu. Alijua hesabu za uzito na upepo, lakini alipoonyeshwa mti uliolala juu ya kuta, toka ukuta huu hadi ule, jina lake hakulijua.

"Mtambaapanya," fundi akasema. "Jina lenyewe lakwambia kazi yake. Usiku panya hupita papo hapo, nawe umelala chini wamsikia."

Akatutajia mengine: makombamoyo yanayopanda toka ukutani hadi kileleni, pau zinazopita juu yake, na visusi vya ubavuni. Akatufahamisha pia kwamba kuti si kuti tu. Kuna makuti ya kumba, yanayosukwa kwa ajili ya nyua, na makuti ya viungo, ambayo majani hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa pamoja, na hayo ndiyo ya kuezekea. Mtu akiezekewa kwa kumba, alisema, ajue fundi wake ni adui yake.

Miti ilikuwa na kisa chake. Zamani nyumba kama hii ilisimama kwa mikoko, nayo ilikuwa na ngazi zake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Mikoko hiyo ilikuwa ikipakiwa majahazini hadi Uarabuni, mpaka Serikali ilipopiga marufuku kuipeleka nchi za nje mwaka 1982. Februari 2018 ukasimamishwa ukataji wa miti katika misitu yote ya umma, mikoko ikiwamo. Fundi hakulalamika sana. Alisema msitu nao una haki ya kupumzika. Mahali pa nguzo tatu zilizoliwa na mchwa tuliweka miti ya mvinje, naye akaipigapiga kila mmoja kwa bakora kabla ya kuukubali.

MAKUTI AU MABATI?

Hapo ndipo ubishi ulipozuka, na ulizuka kinyume cha matarajio yangu. Sisi wa mjini ndio tuliotaka makuti. Tulisema ni baridi, ni mazuri kwa macho, ni urathi wa wazee wetu. Mmoja wetu akatoa mfano wa hoteli za Diani na Nyali ambazo watalii hutoka Ulaya kuja kukaa chini ya makuti. Fundi, mtu aliyekula kwa makuti umri wake wote, ndiye aliyesema wazi: mwekeeni bibi mabati.

Tulistaajabu. Akatuambia maneno ambayo niliyaandika palepale juu ya kipande cha karatasi ya saruji.

"Makuti yataka watu," alisema. "Kila baada ya miaka michache yabadilishwe. Zamani haikuwa tabu. Wiki hini kwangu, wiki ijayo kwako, mwenye nyumba atoa chakula na kahawa, basi. Minazi ilikuwa nyuma ya nyumba, wasukaji ni wake zetu na mama zetu. Sasa minazi imekatwa kupisha viwanja, makuti yanunuliwa kwa fedha, na vijana wako kazini au wako Arabuni. Hotelini wana fedha za kumwita fundi. Bibi atamwita nani? Nyinyi mtarudi?"

Hapana aliyemjibu. Tulitazamana tu. Ilikuwa swali la haki, na mtu muungwana haahidi asilolijua.

MWENYE KITABU CHA RISITI

Siku ya pili, makuti mabovu yakiwa yameezuliwa na jua likiingia ukumbini bila ya kubisha hodi, ilisimama pikipiki mlangoni. Akashuka bwana mmoja wa makamo, shati safi, kitabu cha risiti kwapani. Alikuwa msimamizi wa mwenye shamba. Hakutoa salamu ndefu. Alitazama mchanga, akatazama mifuko miwili ya saruji, kisha akauliza:

"Mnajenga au mnatengeneza?"

Msomaji asiyejua mambo ya Mombasa aweza kuliona swali hilo kuwa dogo. Wenyeji wajua kwamba ndani yake mna historia nzima. Katika mji huu kuna kitu kiitwacho nyumba bila ardhi: mtu humiliki nyumba, akairithisha na hata kuiuza, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Desturi hiyo ni ya zamani hapa pwani, na sheria ya Kiislamu iliyotumika mahakamani ilikubali nyumba iwe na mwenyewe na ardhi iwe na mwenyewe. Kisha ikaja ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wakati wa Mwingereza, iliyowataka watu wa pwani kwenda kudai ardhi zao mbele ya serikali. Waliojua njia za afisi walitoka na hati. Ardhi ambayo hapakutokea wa kuidai ilihesabiwa kuwa ya serikali. Ndiyo maana hadi leo wako watu ambao babu wa babu zao walizikwa hapa, na hawana karatasi ya mahali wanapolala. Baadhi ya wakaazi wa Likoni walipata hatimiliki Januari 2016, pale Serikali iliponunua lile shamba la Waitiki la ekari 930 na kuwagawia waliokuwa wakikaa humo. Wengine wangali wanangoja.

Kwa nyumba kama ya bibi, mara nyingi mwenye ardhi hukubali mpangaji atengeneze, lakini hakubali ajenge. Udongo sawa, mawe hapana. Paa sawa, chumba kipya hapana. Kwani nyumba ya udongo yaweza kuondoka, ya mawe haiondoki. Kwa hivyo swali la bwana yule lilikuwa na uwezo wa kutusimamisha kazi, bibi akabaki chini ya mbingu na masika yaja.

Sote tulinyamaza. Aliyejibu ni fundi, naye alikuwa amepanda ngazi, mguu mmoja juu ya mtambaapanya, tukiwa tumeshamsihi asipande.

"Twatengeneza, bwana," alisema toka juu. "Tungekuwa twajenga, ungenikuta chini nachimba msingi."

Watu wakacheka, na msimamizi naye akajizuia asicheke, asiweze. Lakini kazi ni kazi. Akauliza saruji ni ya nini. Bibi hakusema neno. Aliingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti wa zamani, akautandaza juu ya mkeka: risiti za kodi ya ardhi, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, nyingine zimegeuka rangi ya chai, zimefungwa kwa uzi kwa mafungu ya kumi na mbili. Za mwanzo zilikuwa za shilingi chache sana, kwa mwandiko wa watu waliokwisha kufa.

"Tangu sabini na nne," bibi alisema. "Tafuta mwezi ambao sikulipa. Saruji ni ya sakafu ya choo, nisiteleze usiku nikavunjika nyonga. Nyumba ni yangu, mwanangu. Chini ndiko si kwangu, nami sijapata kusema ni kwangu."

Bwana yule alichuchumaa. Alizitazama zile risiti kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwandiko mmoja ni wa baba yake, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla yake. Aliletewa kahawa chungu na kashata. Alipomaliza kikombe cha pili alitoa masharti: kuta zibaki za udongo, vipimo visizidi, na chumba kisiongezeke. Akapanda pikipiki yake akaenda. Simsifu wala simlaumu. Yeye naye ni mtumishi. Lakini nilimwona akigeuka mara moja kulitazama paa.

MIKONO YA KILA NAMNA

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama jahazi lililopata upepo. Mwalimu wa chuo cha jirani alileta wanafunzi wake kubeba maji na mchanga. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya adhana, na alifanya kila kitu kuwa somo. Watoto walihesabu fito kwa Kiarabu wakienda na kwa Kiswahili wakirudi, na aliyekosea alirudia safari. Mwenyewe alifunga fito ukutani kwa kamba za makumbi, fundo lake likakaza hata fundi akalisifu, na fundi hakuwa mwepesi wa kusifu.

Kuta zilikandikwa na jirani wa bibi, Mkamba wa Machakos, fundi mwashi na Mkristo, ambaye amepanga chumba nyumba ya pili. Yeye ni hodari wa matofali, na angeweza kumjengea bibi ukuta wa mawe kwa siku nne bila ya malipo, lau si yale masharti. Alikunja suruali akaingia katika udongo mwekundu akaukanyaga pamoja na watoto wa chuo. Alisema hata kwao nyumba ya nyanya yake ilikuwa ya udongo, na hakudhani kwamba atakuja kukandika tena, tena pwani. Adhana ya adhuhuri ilipolia sisi tukaenda msikitini, yeye akabaki akilinda vifaa vyetu, na tuliporudi tulimkuta amekwisha maliza upande mzima.

Kulikuwa na kijana wa tuktuk aliyeleta vifaa toka barabarani. Kila safari alisema hiyo ni ya mwisho kwani anakosa abiria, na kila mara tulimwona anarudi tena. Safari ya sita bibi alimwambia azime mota ale kwanza. Alikula sahani mbili.

SHAURI LA BIBI

Ubishi wa makuti na mabati haukuamuliwa na sisi wala na fundi. Uliamuliwa na mwenye nyumba. Jioni ya siku ya pili, baada ya Magharibi, alituita barazani akasema amesikia maneno ya pande zote. Vyumba na ukumbi viezekwe mabati, kwani yeye hana miaka mingi ya kungoja watu wajikusanye, wala hataki kulala na ndoo kitandani. Mabati yaliyonunuliwa yalitosha kwa hilo. Lakini upenu wa mbele, juu ya baraza, alitaka makuti.

Kijana mhandisi akamweleza kwa upole kwamba mabati yaweza kufika hadi mbele, na makuti yatataka kubadilishwa tena.

"Ndiyo maana nayataka," bibi akasema. "Mabati yatawafanya mnisahau. Haya makuti yakichakaa, mtakuja."

Fundi aliyekuwa amejiinamia akaondoa kofia yake, akaifuta, akaivaa tena. Kesho yake aliueleza ule upenu kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakutuamrisha bali alitufundisha. Kuti juu ya kuti, nafasi ya vidole vinne. Anayeacha nafasi kubwa huokoa makuti, akapoteza paa. Alimkalisha mhandisi upande wake wa kulia, akamtazama akifunga safu tatu, akazifungua mbili. Ile ya tatu aliiacha.

Niliporudi kisiwani niliufikiria sana usemi wa bibi. Tumezoea kuuona udhaifu wa makuti kuwa ni aibu ya ufukara, na kwa mjane anayevujiwa usiku bila shaka ni shida. Lakini udhaifu huo ulikuwa na kazi nyingine: kila miaka michache ulikuwa ukiwalazimisha majirani kukutana, kula pamoja na kujua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hana. Tukijenga kwa vitu visivyochakaa, hapana ubaya, ila tutafute sababu nyingine ya kugongeana milango. Bila hivyo nyumba zitadumu, na ujirani utavuja.

Kwenye mitaa yetu, iwe Mtongwe, Mtopanga au Magongo, hakosekani bibi mwenye mkebe wa risiti, na fundi mzee ajuaye kunusa paa, ambaye hakuna aliyepata kumwuliza jina la mti. Masika huja kila mwaka na hayangoji mtu. Ukipita mbele ya nyumba iliyolegea, usiseme maskini. Piga hodi, uulize ni nini kilichochoka.